Cheche, Chaji na Ardhi: Uunganishaji wa Volti ya Juu katika Koili ya Tesla kwa Mazingira ya Lodwar na Kakuma

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna nyaya za volti ya juu zinavyounganishwa katika koili ya Tesla inayotengenezwa kwa mikono, na kuonyesha jinsi mazingira ya Lodwar na Kakuma, katika Kaunti ya Turkana, yanavyoathiri kazi hiyo. Hoja kuu ni kwamba cheche inayoonekana si hatari kama waya ulionyamaza, na kwamba lugha ya fundi isipotenganisha "kuzima" na "kutuliza", usalama wa fundi huyo umo mashakani. Kwa hiyo suala la msamiati wa Kiswahili katika sayansi linajadiliwa hapa kama suala la uhai, si la mapambo ya lugha.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuliona suala la istilahi za kisayansi kama mjadala wa kamati na makamusi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na tangu hapo mijadala kuhusu istilahi ipi ifae na ipi isifae imeendelea katika vyuo vyetu. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, mwanafunzi wa sekondari hufundishwa fizikia kwa Kiingereza, kisha akitoka darasani huzungumza na fundi, mwenye duka na jirani yake kwa Kiswahili. Baina ya lugha hizo mbili pana mwanya, na katika kazi ya umeme wa volti ya juu mwanya huo unaweza kumponza mtu.

Koili ya Tesla inafaa kuwa mfano wa kulichunguza jambo hili. Ni chombo kinachopendwa na wanafunzi wanaotayarisha maonyesho ya sayansi na uhandisi, yale ambayo zamani yalijulikana kama Kongamano la Sayansi, kwa sababu kinatoa cheche ndefu zinazofanana na radi na kuwasha taa ya mrija bila ya waya kuigusa. Vifaa vyake vingi hupatikana madukani na kwa mafundi wa redio. Uzuri wake ndio mtego wake: macho yote huelekea juu zinakotokea cheche, hali kinachoua kimo chini, hakionekani wala hakisikiki.

Lodwar na Kakuma zimeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ardhi yake kavu inaifanya hatua moja ya uunganishaji, yaani kuupeleka waya ardhini, kuwa ngumu kuliko vitabu vingi vinavyodhani. Pili, Kakuma ni mahali ambapo Kiswahili kinawaunganisha watu wa asili nyingi. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, na ndani yake wamekutana Waturkana wenyewe, yaani wenyeji wa mahali hapo, pamoja na watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko. Kila mmoja amekuja na neno lake la umeme.

2.0 Umeme, Stima na Moto: Msamiati wa Fundi

Neno "umeme" katika Kiswahili lilikuwa la mbingu kabla halijawa la nyaya. Mmweko wa mawingu ndio umeme wa asili. Radi ni pigo lake, na ngurumo ni sauti yake. Kiwanda kilipoleta nguvu mpya, lugha ikaipa jina lile la zamani. Mkenya wa kawaida, kwa upande wake, huita nguvu hiyo "stima", neno lililotokana na Kiingereza na ambalo awali lilihusu mvuke na meli zilizoendeshwa kwa mvuke. Mkongo hutumia pia neno linalotokana na Kifaransa courant, lenye maana ya mkondo. Fundi naye husema kwamba waya "una moto" au "hauna moto". Maneno haya yote yanaeleweka na yote yana haki ya kuwapo. Tatizo ni kwamba yanajumuisha mambo manne ambayo fundi wa volti ya juu lazima ayatenganishe.

Jambo la kwanza ni volti. Hii ni nguvu ya msukumo, na inaweza kulinganishwa na kimo cha tangi la maji. Tangi likiinuliwa juu, maji husukumwa kwa nguvu zaidi hata kama hayajaanza kutoka. La pili ni mkondo, unaopimwa kwa ampea, nao ni kiasi cha umeme kinachopita kwa kila sekunde, kama maji yanayopita bombani. La tatu ni chaji, yaani umeme wenyewe uliolimbikizwa, mithili ya maji yaliyotulia ndani ya jerikani. La nne ni ardhi, ambayo kwa mhandisi si udongo tu bali ni mahali pa kurudia. Ni bonde ambalo maji yote hulitafuta.

Mlinganisho huu unaeleza kwa nini volti peke yake haimwambii mtu ukubwa wa hatari. Bwawa la Turkwel, lenye ukuta wa kimo cha mita 153 na mitambo ya megawati 106 iliyoanza kazi mwaka 1991, hupeleka umeme wake Lessos kwa nyaya za volti 220,000. Mto huohuo hutiririka hadi Lodwar na kuingia Ziwa Turkana. Maji hufuata njia ya kaskazini, umeme ukafuata njia ya kusini, na mji wa Lodwar ukaishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, ambazo baadaye ziliongezewa paneli za sola. Volti 220,000 za Turkwel zina megawati nyuma yake. Koili ndogo ya mwanafunzi inaweza kupita kiwango hicho cha volti, lakini nyuma yake hamna hata nusu kilowati. Aliye na neno moja tu, "stima nyingi", hawezi kuitambua tofauti hiyo.

3.0 Koili ya Tesla ni Kitu Gani?

Nikola Tesla, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kimo nchini Croatia, na aliyefariki New York mwaka 1943, alibuni koili hii mwaka 1891. Mwaka 1899 alijenga kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo huko Colorado Springs, Marekani, akitafuta njia ya kusafirisha nguvu za umeme bila ya waya. Lengo hilo halikutimia, lakini chombo chenyewe kilisaidia kuzaliwa kwa mitambo ya mwanzo ya redio.

Koili ya aina ya kale, inayotumia pengo la cheche, ina sehemu sita: transfoma ya kupandisha volti, pengo la cheche, kapasita, koili ya msingi, koili ya pili, na kofia ya metali inayokaa juu kabisa. Kofia hii ina umbo la ngata, ile duara ya nguo ambayo mama huiweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi. Umbo hilo halikuchaguliwa kwa urembo, kama itakavyoelezwa.

Utendaji wake ni huu. Transfoma huchukua umeme wa volti 240 na kuupandisha hadi, kwa mfano, volti 15,000. Umeme huo huijaza kapasita. Kapasita ikijaa, hewa iliyo katika pengo la cheche hushindwa kuvumilia msukumo, cheche huruka, na chaji yote hukimbilia katika koili ya msingi. Haipiti mara moja na kwisha. Huenda na kurudi, huenda na kurudi, mara laki nyingi kwa sekunde, kama bembea iliyosukumwa.

Koili ya pili, yenye mizunguko ipatayo 1,000 ya waya mwembamba, haijaunganishwa na ya msingi kwa waya. Hata hivyo, ikiwa imepangwa iweze kubembea kwa kasi ileile, huitikia. Msomi wa fasihi simulizi atalielewa jambo hili upesi: kiongozi wa wimbo anapotoa mstari, waitikiaji hawapaazi sauti ovyo, bali husubiri mahali pao, na kila kiitikio kikiingia kwa wakati wake wimbo huzidi kupamba. Makala haya yanaliita tukio hilo mwitikiano. Kiitikio kikikosa wakati wake, wimbo huvurugika. Vivyo hivyo koili zisipolingana, cheche haitoki hata kama volti za transfoma ni nyingi.

Wengi hudhani kwamba volti hupandishwa na wingi wa mizunguko peke yake. Sivyo. Tuseme kapasita ya msingi ina nanofaradi 10, na kofia pamoja na koili ya pili zina pikofaradi 25 tu. Ya kwanza ni kubwa mara 400 kuliko ya pili. Nguvu ileile ikihamishwa kutoka chombo kikubwa hadi chombo kidogo, volti hupanda kwa kipeuo cha pili cha uwiano huo, yaani mara 20. Volti 20,000 huwa 400,000 kwa hesabu, ingawa hasara za njiani huzipunguza. Kiwango hicho cha hesabu ni sawa na cha njia ya umeme ya Loiyangalani hadi Suswa, iliyokamilika mwaka 2018 ili kubeba umeme wa upepo kutoka upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Hapo ndipo umeme wa nyaya unaporejea kuwa umeme wa mawingu, na maana mbili za neno letu zinapokutana.

4.0 Mpangilio wa Viungo

Kuunganisha waya wa volti 240 na kuunganisha waya wa volti 15,000 ni kazi mbili tofauti. Katika ya kwanza, plastiki iliyouzunguka waya hutosha kuuzuia umeme. Katika ya pili, hewa yenyewe huwa njia. Kwa makadirio, milimita moja ya hewa kavu kati ya vitu laini vya duara huzuia volti 3,000. Volti 15,000 za transfoma hufikia kilele cha takribani 21,000, hivyo zinaweza kuruka milimita 7, na huruka mbali zaidi penye ncha kali. Lodwar iko kwenye mwinuko wa takribani mita 500 na joto lake la mchana hufika nyuzi 35. Hewa ya moto ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya ufuoni wakati wa baridi kwa takribani sehemu moja ya kumi, na uwezo wake wa kuzuia cheche hupungua kwa kiasi hichohicho. Fundi mwangalifu huacha sentimita 5 au zaidi kati ya nyaya mbili za upande wa volti ya juu.

Kuhusu mpangilio wenyewe, mambo yafuatayo yana uzito.

(i) Mahali pa pengo la cheche. Kuna njia mbili za kuviunganisha vifaa vya upande wa msingi. Katika njia ya kwanza kapasita huwekwa sambamba na transfoma. Katika ya pili, pengo la cheche ndilo huwekwa sambamba na transfoma, na kapasita hufuatana na koili ya msingi. Mwitikiano ni uleule katika njia zote mbili. Hata hivyo, njia ya pili ndiyo inayopendekezwa, kwa kuwa cheche inaporuka huifungia transfoma mlango, na mitikisiko ya kasi haipati nafasi ya kurudi nyuma na kutoboa kihami cha nyaya zake. Aidha, pengo la pili la usalama huwekwa mbele ya transfoma ili volti ikizidi kiwango iteremke ardhini.

(ii) Unene na ufupi wa nyaya. Umeme wa kasi kubwa haupiti katikati ya waya, bali hujikusanya kwenye ngozi yake ya nje. Kwa mitikisiko 200,000 kwa sekunde, kina unachotumia ndani ya shaba ni takribani sehemu 15 za milimita iliyogawanywa mara 100. Kwa hiyo koili ya msingi hutengenezwa kwa bomba la shaba, kama lile la mafundi wa majokofu, na viunganisho vyake huwa vifupi na vipana. Waya mrefu mwembamba hula nguvu iliyokusudiwa kutoa cheche.

(iii) Kukwepa ncha. Kila ncha ya waya, kila kichwa cha skrubu na kila tone la risasi lenye mkia hugeuka mahali pa kuvujia. Gizani ncha hiyo hutoa mng'ao wa zambarau na mlio wa kufoka, na taratibu hukichoma kihami kilicho karibu. Fundi huviviringisha viungo, huvilainisha kwa msasa, na hulifanya kila tone la risasi liwe duara. Ndiyo sababu kofia ya juu ina umbo la ngata, na ndiyo sababu pete za metali huonekana kwenye vihami vya njia kubwa za umeme.

(iv) Kihami. Kioo, kauri na plastiki safi hufaa. Ubao wenye unyevu haufai, na baadhi ya mipira myeusi haifai kwa kuwa imetiwa kaboni, ambayo hupitisha umeme. Vumbi la Turkana nalo ni adui. Likilala juu ya kihami hutengeneza njia nyembamba ambayo umeme huifuata, huichoma na kuiacha nyeusi, na njia hiyo nyeusi haiponi. Kihami hupanguswa kabla ya kila jaribio.

(v) Kapasita. Mafundi wengi hufuatanisha kapasita ndogo. Kapasita 15 za volti 2,000 kila moja hubeba kwa pamoja volti 30,000, na kila moja ikiwa na nanofaradi 150, jumla ya mfuatano huo huwa nanofaradi 10. Kila kapasita hupewa rezista yake ya megaohmu 10 ya kuiteremsha chaji pole pole umeme ukikatwa. Rezista hizi hazisaidii cheche hata kidogo, na ndiyo maana wenye haraka huziacha. Umuhimu wake unaelezwa katika sehemu ya sita.

5.0 Ardhi Kavu ya Turkana

Ncha ya chini ya koili ya pili lazima iende ardhini. Vitabu vilivyoandikiwa nchi za mvua huagiza nondo ya shaba ipigwe kwenye bustani na kazi imekwisha. Lodwar hupata mvua ya takribani milimita 200 kwa mwaka. Mchanga mkavu huukinza umeme mara nyingi zaidi kuliko udongo wenye unyevu. Tofauti hiyo inaweza kuwa mara 10, na inaweza kuwa mara 100. Nondo iliyopigwa mchangani huko inaweza kuwa imezikwa vizuri na bado isiwe imeunganishwa na kitu.

Ardhi isipopatikana, umeme hutafuta nyingine. Hurudi kwa njia ya koili ya msingi, hupitia transfoma, huingia kwenye nyaya za nyumba, au hupitia kwa mtu aliyesimama karibu. Kwa hiyo suluhisho la mahali lazima lipatikane, nayo yapo kadhaa. La kwanza ni kuchimba shimo refu zaidi na kulijaza mkaa na chumvi kuizunguka nondo, kisha kulimwagilia maji kabla ya kazi. Mafundi wa umeme wa majumbani wameitumia njia hii kwa miaka mingi. La pili ni kutafuta ardhi yenye unyevu. Kingo za mto Turkwel huko Lodwar na za laga ya Tarach huko Kakuma huhifadhi maji chini ya mchanga hata wakati wa kiangazi. Ila mtu ajihadhari: laga hujaa ghafla mvua inaponyesha mbali, na chombo cha volti ya juu hakiwekwi kwenye njia ya maji.

La tatu ndilo linalofaa zaidi penye ukavu. Badala ya nondo, fundi hutandaza chini ya koili mabati au wavu wa nyaya za kuku, wenye upana unaozidi kimo cha koili, na kuunganisha ncha ya chini hapo. Mabati hayo na kofia ya juu hufanya kazi kama pande mbili za kapasita moja, na mitikisiko ya kasi hupata pa kurudia bila ya kuutegemea udongo. Watazamaji hawaruhusiwi kuyakanyaga.

Lakini mabati hayohayo yakiwa juu ya paa ni hatari. Nyumba nyingi za Kakuma zimeezekwa kwa mabati na dari zake si ndefu. Cheche huruka kwenye paa, na paa linaweza kuwa limegusana na nyaya za jirani. Jaribio hufanywa nje, mbali na paa, ua wa chuma na nyaya zinazopita.

Hapa linaingia jambo la ujirani. Katika Kakuma wapo wafanyabiashara wanaomiliki jenereta na kuwauzia majirani umeme kwa nyaya zinazovutwa nyumba hadi nyumba. Ncha ya koili ya pili ikiunganishwa na waya wa ardhi wa nyumba, mitikisiko ya kasi husafiri kwenye mtandao huo wote na inaweza kuharibu simu zinazochajiwa, redio na runinga za watu wasiojua kinachoendelea. Ardhi ya koili ni lazima iwe ya peke yake, na kichujio kiwekwe mahali umeme unapoingilia kwenye transfoma. Tena, jenereta nyingi ndogo hazikuunganishwa na ardhi kabisa, kwa hiyo tundu la ardhi kwenye soketi linaweza kuwa tundu tupu.

6.0 Kuzima na Kutuliza

Hapo mwanzo ilidaiwa kwamba kinachoua hakionekani. Dai hilo sasa lielezwe. Transfoma ya mabango ya taa ya volti 15,000 huweza kutoa miliampea 30. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini miliampea 30 ndicho kiwango ambacho swichi za kinga ya uvujaji majumbani hutengenezwa zikikate, kwa kuwa kikizidi hapo mtu anaweza kushindwa kupumua na moyo kupoteza mapigo yake. Swichi hiyo haimwokoi anayegusa upande wa volti ya juu, kwani transfoma imezitenga pande mbili, na uvujaji wa upande mmoja hauonekani kwa mwingine. Transfoma za majiko ya mikrowevu ni mbaya zaidi. Hutoa takribani volti 2,000 tu, lakini mkondo wake ni mkubwa mara nyingi, na zimewaua watu kadhaa Marekani waliozitumia kuchomea michoro juu ya mbao. Mtu anayepima hatari kwa volti ataiogopa ya kwanza na kuidharau ya pili.

Ipo pia imani kwamba cheche za juu hazina madhara kwa kuwa umeme wa kasi hupita juu ya ngozi. Imani hii imechukua sheria ya shaba na kuipachika kwenye mwili. Mwili haupitishi umeme kama shaba, na kwa kasi hiyo umeme huingia ndani kabisa. Ni mishipa ya fahamu tu inayoshindwa kuufuata, hivyo mtu huweza kuungua ndani bila ya kusikia maumivu. Zaidi ya hayo, cheche ikitoka koili ya msingi na kuigusa ya pili, umeme wa transfoma hupanda juu pamoja nayo.

Sasa turejee kwenye lugha. Mtu akibonyeza swichi, Kiswahili cha kila siku kina maneno ya kutosha: umeme umezimwa, umekatika, umepotea, waya hauna moto. Kwa taa na redio, maneno hayo yanaeleza ukweli wote. Kwa koili ya Tesla, yanaeleza nusu. Chanzo kimekatwa, lakini kapasita inaweza kuwa bado imebeba volti 20,000. Haitoi sauti, haing'ai, haina joto. Mwanafunzi aliyesoma kwa Kiingereza akimwambia msaidizi wake "imezimwa", msaidizi ana haki ya kuelewa kwamba anaweza kugusa. Hakuna aliyesema uongo, na mtu anaweza kufa.

Kwa sababu hiyo makala haya yanapendekeza vitenzi viwili vitumike kwa maana mbili zisizochanganywa. Kuzima ni kukata chanzo. Kutuliza ni kuiondoa chaji iliyobaki na kuhakikisha haiwezi kurudi. Kutuliza kuna hatua zake. Plagi huchomolewa na kuwekwa mkononi mwa atakayegusa koili, wala si mwa mwingine. Husubiriwa rezista zifanye kazi yake, na kwa kapasita zilizotajwa hapo juu sekunde 10 hutosha ikiwa rezista zote ni nzima. Halafu fimbo ndefu ya plastiki, yenye waya uliounganishwa na ardhi kwenye ncha yake, hugusishwa pande zote mbili za kapasita. Mwisho, waya wa kuziunganisha pande hizo huachwa mahali pake hadi kazi itakapokwisha, kwa kuwa baadhi ya kapasita zikishatulizwa hujirudishia sehemu ya chaji iliyokuwa imejificha ndani ya kihami chake.

Mtu asifanye kazi hiyo akiwa peke yake. Anayesimama naye awe anajua maneno haya mawili na tofauti yake, hata kama nyumbani kwake umeme huitwa kwa jina jingine. Swali la kuulizwa kabla ya mkono kunyooshwa lisiwe "Umezima?" bali liwe "Umetuliza?"

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza mpangilio wa viungo vya volti ya juu katika koili ya Tesla: pengo la cheche sambamba na transfoma, nyaya fupi na pana, viungo visivyo na ncha, vihami visivyo na vumbi, na ardhi ya peke yake. Yameonyesha pia kwamba ardhi ya Turkana haikubali maagizo ya vitabu bila ya kurekebishwa, na kwamba mabati yaliyotandazwa chini yanaweza kufanya kazi ambayo nondo imeshindwa.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, funzo ni kwamba istilahi haipimwi kwa usanifu wake peke yake. Hupimwa pia kwa kile inachomzuia mtu kukifanya. Fundi wa Lodwar na kijana wa Kakuma tayari wana maneno: moto, mkondo, chaji, ardhi, kuzima, kutuliza. Yote ni ya lugha yao au yamekwisha kuzoeleka humo. Linalobaki ni kuyapangia mipaka na kuyafundisha pale kazi inapofanyika, karakanani na kwenye maonyesho ya shule, wala si kamusini tu. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Tahadhari hiyo huanzia katika neno lenye maana moja kwa anayelisema na kwa anayelisikia.